Je, Tasnia ya Burudani Itozwe Kodi Kubwa Zaidi?

Tasnia ya burudani hukusanya shughuli nyingi chini ya jina moja: muziki, filamu, tamthilia, ngoma, taarabu, vichekesho, michezo ya kulipia kiingilio, televisheni, kumbi za starehe na, katika miaka ya karibuni, maudhui ya mtandaoni. Pendekezo la kuitoza kodi kubwa zaidi huzuka mara kwa mara msimu wa bajeti unapofika, iwe Dodoma, Nairobi au Kampala. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Burudani ni shughuli inayoonekana: viwanja hufurika, nyota hununua magari ya fahari, na video moja hutazamwa mara mamilioni. Kisichoonekana kwa urahisi ni namna fedha hizo zinavyogawanyika ndani ya tasnia, na mtu hasa anayeubeba mzigo wa kodi mwishoni. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua iwapo kodi kubwa zaidi ni haki au ni hasara.

Milango ambayo kodi huingilia

Burudani haina kodi moja. Mlango wa kwanza ni mapato. Tanzania Bara hutoza kampuni asilimia 30 ya faida, na kwa mtu binafsi viwango hupanda ngazi kwa ngazi hadi asilimia 30 kwa sehemu ya kipato inayozidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mlango wa pili ni matumizi: kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, na asilimia 16 Kenya. Hii huwa ndani ya bei ya tiketi ya mfanyabiashara aliyesajiliwa, na mtazamaji huilipa bila kuiona. Mlango wa tatu ni ushuru wa bidhaa, unaotozwa kwenye huduma maalumu kama mawasiliano ya simu na intaneti. Wa nne ni kodi ya zuio, ambapo anayelipa msanii hukata sehemu na kuiwasilisha kwa mamlaka ya mapato kabla fedha hazijamfikia mhusika. Wa tano ni ada, leseni na vibali vya mabaraza ya sanaa, bodi za filamu na halmashauri. Sheria haiziiti ada hizo kodi, lakini mfukoni mwa anayeandaa onesho hazina tofauti nayo.

Kwa hiyo anayesema tasnia ilipe zaidi anaweza kuwa anazungumzia mambo matano tofauti. Kuongeza kodi ya mapato humgusa aliyepata faida. Kuongeza VAT humgusa mnunuzi wa tiketi, au promota akishindwa kupandisha bei. Kuongeza ada ya leseni humgusa kila anayeanza, awe na faida au asiwe nayo.

Kodi maalumu ya burudani ilivyozaliwa

Kodi ya pekee kwa burudani ni mtoto wa vita. Uingereza iliianzisha mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, kama hatua ya muda ya kutafuta fedha. Muda huo ulidumu zaidi ya miaka arobaini: michezo ya jukwaani ilisamehewa mwaka 1957 na sinema mwaka 1960, wakati televisheni ilipokuwa imekwisha kuwanyang'anya wenye majumba ya sinema wateja wao. Marekani nayo ilianza kutoza viingilio mwaka 1917. Hoja ilikuwa moja kote: wakati askari wako vitani, anayekwenda kujiburudisha anaweza kuchangia kidogo. Burudani ilihesabiwa kuwa anasa, na anasa ndiyo iliyopaswa kutozwa kwanza.

Mfano ulio wazi zaidi wa madhara ya kodi hiyo ulitokea Marekani mwaka 1944. Serikali iliweka kodi ya asilimia 30 kwa kumbi za usiku zilizoruhusu wateja kucheza au zilizokuwa na waimbaji, kisha ikaishusha hadi asilimia 20 miezi michache baadaye. Ukumbi uliopiga muziki wa ala peke yake, bila uimbaji wala kucheza, haukuguswa. Wenye kumbi wengi walifunga sakafu za kuchezea na kuachana na bendi kubwa, wakabaki na vikundi vidogo vya ala. Wanahistoria wa jazi huihesabu kodi hiyo miongoni mwa sababu zilizoharakisha kufifia kwa bendi kubwa za dansi. Haikufutwa kabisa hadi mwaka 1965. Iliyokusudiwa kukusanya fedha ikaishia kubadili sura ya sanaa yenyewe.

India ilifuata njia nyingine. Majimbo yalijiwekea viwango vyao vya kodi ya burudani, na baadhi yakaitumia kama chombo cha siasa ya utamaduni. Tamil Nadu, kwa mfano, ilisamehe filamu zenye majina ya Kitamil. Mwaka 2017 kodi hizo ziliunganishwa katika kodi moja ya taifa ya bidhaa na huduma, na tiketi za sinema za zaidi ya rupia 100 zikatozwa asilimia 28. Mwezi Januari 2019 kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 18, na kile cha tiketi za bei nafuu kutoka asilimia 18 hadi 12. Somo la India ni kwamba hata taifa lenye kiu kubwa ya filamu hufika mahali likaona kiwango kimepita kiasi.

Hoja za wanaotaka kodi ipande

Hoja ya kwanza ni uwezo wa kulipa. Mwaka 1981 mchumi Sherwin Rosen alieleza kwa nini mapato katika burudani hujikusanya mikononi mwa wachache. Teknolojia humwezesha mwimbaji mmoja kuwafikia mamilioni kwa gharama ileile ya kurekodi mara moja, na msikilizaji aliye huru kuchagua humchagua anayemwona bora, hata kama anamzidi wa pili kwa kiasi kidogo tu. Tofauti ndogo ya kipaji huzaa tofauti kubwa mno ya kipato. Wanaotetea kodi husema kuwa mapato ya namna hiyo, ambayo kwa sehemu ni matunda ya bahati na ya ukubwa wa soko, yanaweza kutozwa zaidi bila kumfanya nyota aache kuimba.

Hoja ya pili ni usawa mbele ya sheria. Mwalimu wa shule ya msingi na muuguzi hukatwa kodi kabla mshahara haujafika benki. Shughuli nyingi za burudani hulipwa fedha taslimu: kiingilio cha mlangoni, malipo ya kushereheshea harusi, fedha za kutuzwa jukwaani. Jamii inayoona msanii tajiri akilipa kidogo kuliko karani hupoteza imani na mfumo mzima wa kodi.

Hoja ya tatu ni gharama za umma. Tamasha kubwa huhitaji polisi, magari ya wagonjwa, usafi na barabara. Viwanja vikubwa, kama Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, vilijengwa na serikali, na ni haki anayevuna humo achangie utunzaji wake.

Hoja ya nne huhusu madhara, hasa kwa michezo ya kubahatisha, ambayo mara nyingi huwekwa kapu moja na burudani. Hapa kodi hukusudiwa kukusanya fedha na pia kupunguza matumizi. Hoja hiyo ina uzito kwa kamari, lakini haiwezi kuhamishwa kwenye tamthilia au muziki, ambavyo jamii haina sababu ya kutaka vipungue.

Hoja za wanaopinga

Wapinzani huanza na hesabu ya jukwaa. Mwaka 1966 William Baumol na William Bowen walichapisha uchunguzi wao kuhusu uchumi wa sanaa za maonesho. Walionesha kuwa kiwanda huweza kuzalisha zaidi kwa wafanyakazi wachache kadiri mashine zinavyoboreka, lakini kipande cha muziki kilichotungwa kwa wapigaji wanne bado kinahitaji wapigaji wanne. Mishahara ya uchumi mzima ikipanda, gharama za jukwaa hupanda nayo bila uzalishaji kuongezeka. Hali hiyo haihitaji kutafutwa mbali. Bendi ya dansi kama Msondo Ngoma, au kikundi cha taarabu cha Zanzibar chenye fidla, ganuni, akodiani na kundi la waimbaji, hubeba watu wengi kwa kiingilio ambacho hadhira yake ya kawaida inaweza kukimudu. Hakuna njia ya kupunguza wapigaji hao bila kuupunguza muziki wenyewe.

Faida ya onesho la kawaida basi ni nyembamba, na kodi inayotozwa kwenye mauzo huila haraka. Mfano wa kukisia unatosha kuonesha. Promota aliyesajiliwa VAT anauza tiketi 1,000 kwa shilingi 10,000 kila moja, anakusanya milioni 10. Kwa kiwango cha asilimia 18, takribani shilingi 1,525,000 ni za serikali, naye hubaki na 8,475,000. Ikiwa ukumbi, vyombo, ulinzi, matangazo na wasanii vinamgharimu milioni 8 bila VAT, faida yake ni 475,000. Kiwango kikipanda hadi asilimia 23 na bei ya tiketi ikabaki ileile kwa kuhofia kukimbiza wateja, faida hushuka hadi kiasi cha 130,000. Nyongeza ya pointi tano za asilimia imechukua karibu robo tatu ya faida, na mvua moja ya jioni inatosha kuchukua iliyobaki.

Hispania ililijaribu jambo hili kwa ukubwa wa taifa zima. Mwezi Septemba 2012, ikiwa katika msukosuko wa kiuchumi, ilipandisha VAT ya tiketi za maonesho na sinema kutoka asilimia 8 hadi 21. Mahudhurio ya ukumbini yalianguka. Si anguko lote lililosababishwa na kodi, kwa kuwa wananchi wengi walikuwa wamepoteza ajira, lakini makampuni ya maigizo yalijikuta yakibeba mizigo yote miwili kwa pamoja. Mwaka 2017 serikali ilishusha kiwango cha maonesho ya jukwaani hadi asilimia 10, na mwaka uliofuata ikafanya hivyo kwa sinema.

Katika Afrika Mashariki udhaifu wa kifedha wa tasnia hauhitaji ushahidi wa kigeni. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na kujijengea sifa barani kote, liliahirisha toleo lake la mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Tamasha hilo huleta wageni wanaojaza hoteli, teksi na migahawa ya Mji Mkongwe, na biashara hizo nazo hulipa kodi zake. Serikali inayolitazama tamasha la aina hiyo kwa kiingilio chake pekee huacha nje ya hesabu sehemu kubwa ya mapato inayoyapata kupitia hilo.

Nyota anayehama na mtazamaji asiyehama

Pingamizi jingine ni kwamba anayelengwa na kodi kubwa ndiye mwenye uwezo mkubwa wa kuikwepa. Rolling Stones waliondoka Uingereza mwaka 1971 na kwenda kuishi Ufaransa kwa sababu ya kodi. Ireland ilisamehe mapato ya kazi za ubunifu tangu mwaka 1969. Ilipoamua kuwekea msamaha huo kikomo cha euro 250,000, kundi la U2 lilihamishia sehemu ya biashara yake ya muziki Uholanzi mwaka 2006. Uchunguzi wa wachumi Kleven, Landais na Saez, uliochapishwa mwaka 2013, ulionesha kuwa wachezaji wa mpira wa Ulaya huitikia viwango vya kodi wanapochagua nchi ya kuchezea. Hispania ilinufaika na mwitikio huo ilipowapa wageni kiwango kimoja cha asilimia 24, katika sheria iliyopachikwa jina la David Beckham.

Hata hivyo, onesho lenyewe halihami. Mwimbaji anaweza kuishi Dubai, lakini anayekuja kuimba Dar es Salaam hulipwa kwa tiketi zilizouzwa Dar es Salaam. Ndiyo maana mikataba ya kimataifa ya kuepusha kodi mara mbili, kwa kufuata kifungu cha 17 cha mkataba wa mfano wa shirika la OECD, huipa nchi onesho linapofanyika haki ya kumtoza msanii au mwanamichezo. Kodi ya zuio ndiyo chombo cha kuitekeleza haki hiyo, na inafanya kazi vizuri iwapo mkataba na promota uko wazi na risiti za tiketi ni za kweli.

Fedha zilizohamia mtandaoni

Mgogoro wa sasa uko mbali na ukumbi. Zamani albamu ya Bongo Flava au filamu ya Bongo Movie iliuzwa kwa kanda, kisha kwa CD na DVD. Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi kwenye bidhaa hizo mwaka 2013, kwa lengo la kukusanya mapato na kudhibiti maharamia. Nia ilikuwa njema, na msanii aliyekuwa akiibiwa kazi aliitaka sana. Lakini katika miaka michache tu wasikilizaji walihamia kwenye simu, na stempu ikabaki kwenye bidhaa ambayo soko lake lilikuwa linakufa.

Serikali za kanda zimejaribu njia tatu za kuzifuata fedha mtandaoni. Ya kwanza ni kumtoza mtumiaji. Mwezi Julai 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Wengi walitafuta programu za kujificha, wengine wakaacha kutumia, makusanyo yakawa pungufu mno ya matarajio, na mwaka 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa ushuru wa asilimia 12 kwenye bando za intaneti. Tanzania nayo, kwa sehemu kubwa ya muongo uliopita, imetoza ushuru wa asilimia 17 kwenye huduma za mawasiliano, na VAT ya asilimia 18 huhesabiwa juu yake. Kwa pamoja viwango hivyo huongeza takribani asilimia 38 kwenye bei ya huduma kabla ya kodi. Kijana anayenunua bando ili atazame video ya msanii wake tayari amelipa kodi nzito ya burudani, ingawa haiitwi hivyo.

Njia ya pili ni kumtoza mtengenezaji wa maudhui. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zilimtaka mtoa maudhui mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 kila mwaka. Ada hizo zilipunguzwa baadaye, baada ya kuonekana wazi kuwa zinamdai mtu kabla hajapata chochote. Kenya ilichagua kodi ya zuio. Pendekezo la mwaka 2023 lilikuwa asilimia 15, na Bunge likapitisha asilimia 5 kwa mkazi wa nchi. Tanzania ilifuata kwa asilimia 5 mwaka 2024. Kodi ya zuio ina ubora mmoja juu ya leseni: inasubiri mapato yapatikane.

Njia ya tatu ni kuyatoza majukwaa ya kigeni, ambayo hukusanya fedha za matangazo na usajili bila kuwa na ofisi nchini. Kenya ilianza na asilimia 1.5 ya mapato ghafi mwaka 2021, na mwishoni mwa mwaka 2024 ikabadili kodi hiyo kwa nyingine inayokadiria faida kuwa asilimia 10 ya mauzo na kuitoza asilimia 30. Tanzania iliweka asilimia 2 mwaka 2022, na Uganda asilimia 5 mwaka 2023. Viwango hivi ni vidogo, lakini hapa ndipo penye pengo kubwa la haki. Msanii wa Mwanza hukatwa kodi, shabiki wake hulipa kodi kwenye bando, na kampuni inayochukua sehemu nono ya matangazo katikati yao ndiyo inayotozwa kiwango kidogo kuliko wote.

Kamari na majirani zake

Kuchanganya kamari na burudani nyingine kuna gharama. Kenya ilipopandisha kodi ya kampuni za kamari hadi asilimia 35 ya mapato ghafi kuanzia Januari 2018, kampuni ya SportPesa ilitangaza kuondoa udhamini wake katika michezo ya nchi hiyo, zikiwemo klabu za Gor Mahia na AFC Leopards. Kodi ilishushwa hadi asilimia 15 mwaka huohuo. Tukio hilo halithibitishi kuwa kamari isitozwe sana, kwa kuwa madhara yake kwa vijana ni ya kweli. Linaonesha kuwa michezo iliyoachwa itegemee mdhamini mmoja hugeuka kinga ya mdhamini huyo dhidi ya kodi. Kamari ihesabiwe peke yake, kwa viwango vinavyolingana na madhara yake, na michezo ipate chanzo cha fedha ambacho kampuni haiwezi kukizima.

Kodi inayorudi nyumbani

Kuna kodi ya burudani iliyodumu kwa kukubalika na wanaoilipa. Ufaransa hukata asilimia 10.72 ya bei ya kila tiketi ya sinema, na fedha hizo huenda kwa kituo cha taifa cha sinema, CNC, kilichoanzishwa mwaka 1946. Kituo huzitumia kusaidia utengenezaji wa filamu na kumbi za sinema. Filamu ya Hollywood inapojaza ukumbi wa Paris, sehemu ya tiketi zake hugharimia filamu ya Kifaransa. Televisheni, na baadaye huduma za video mtandaoni, ziliingizwa katika mfumo huo. Kiwango si kidogo, lakini walipaji wanaona kinakokwenda.

Tanzania ina mbegu za mpango kama huo. Sheria imeweka tozo ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyotumika kurudufu kazi za sanaa, kwa ajili ya wenye haki, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo kwa wasanii. Ili mipango hiyo iaminiwe, hesabu zake zichapishwe kila mwaka na mirabaha imfikie mtunzi aliyesahaulika kijijini sawasawa na nyota wa mjini.

Hukumu ya jumla

Ushahidi uliopo hauungi mkono kodi kubwa zaidi kwa tasnia nzima. Kodi ya pekee kwenye kiingilio humwangukia mtazamaji wa kawaida na mwandaaji mwenye faida nyembamba, hupunguza ajira za wapigaji, mafundi mitambo na wachuuzi, na humwacha bila kuguswa mwenye faida kubwa iliyo mbali na mlango wa ukumbi. Uingereza, Marekani, Hispania na India zote zilipandisha kodi hiyo kisha zikarudi nyuma.

Ushahidi huohuo hauungi mkono msamaha wa jumla. Nyota anayepata mamilioni anapaswa kulipa kodi ya mapato kwa kiwango cha juu kama daktari au mfanyabiashara mwenye kipato hicho, na mamlaka ya mapato inayo njia ya kumfikia kupitia kodi ya zuio, tiketi za kielektroniki na taarifa za malipo ya majukwaa. Majukwaa ya kigeni yalipe zaidi ya yanavyolipa sasa, kwa kuwa ndiyo yenye faida pana na mchango mdogo. Ada za leseni zishuke hadi zimruhusu anayeanza aanze, na mdogo asiyefikia kiwango cha VAT, ambacho Tanzania Bara kimekuwa mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka tangu 2023, aachwe akue. Tozo yoyote ya pekee kwa tasnia irudi ndani ya tasnia kwa njia inayoonekana. Kodi iliyopangwa hivyo inaweza kukusanya zaidi ya inayokusanywa leo bila kupandisha bei ya tiketi hata moja.